Bima ndogo ni ya nani? Nimevunjwa mguu Nyakato, kampuni inataka salari slipu ya muuza dagaa

Wakuu, huu uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiyetaka apite.

Mwaka juzi mwezi wa tatu, saa kumi na moja alfajiri, nimepakiwa kwenye bodaboda hapa Mwanza kutoka Igoma naelekea soko la Mwaloni Kirumba kuwahi mzigo wa dagaa wa kisiwa cha Goziba. Pale Nyakato daladala ikachomoka kituoni, haina indiketa, dereva hata kioo hakuangalia, ikatuzoa. Mwenye boda akatoka na michubuko. Mimi mfupa wa muundi ukakatika vipande viwili. Nimekaa na antena, vile vyuma vya kushikilia mfupa vinavyotokeza nje ya mguu, miezi minne, na mpaka leo gunia la dagaa silibebi, namlipa kijana anibebee.

Ajali ni ajali, sijaja kuililia. Nimekuja kwa yaliyofuata.

Siku ya tatu wodini akaja jamaa amevaa vizuri, ana faili na kalamu. Akajitambulisha kuwa ametumwa na tajiri wa gari, ana watu wake kwenye kampuni ya bima. Mke wangu alikuwa anahangaika na pesa ya vyuma, wameambiwa milioni moja na laki nne. Jamaa akatoa laki tatu na karatasi. Afande aliyekuwa na jalada letu alikuwa ameshatuambia: "Malizaneni tu, hizi kesi zinachukua muda." Nikasaini. Ndiyo, nilisaini. Nitukaneni kabisa tumalize. Lakini ulale chali, mguu unawaka moto, mkeo analia na pesa iko mezani, halafu uniambie ungefanya nini. Sisi Wasukuma tunasifiwa upole, na kuna watu upole wetu ndio mtaji wao.

Nilipoanza kutembea kwa magongo nikaenda kwenye kampuni ya bima. Dada wa mapokezi akaniuliza, "Wewe ni mteja wetu?" Nikasema hapana, mimi ndiye niliyegongwa na mteja wenu. Akaniambia bima ni ya mwenye gari. Hapo nikanyamaza, nikafikiri labda mimi ndiye mshamba. Kumbe ile bima ndogo inayolazimishwa na sheria kwa kila gari, Sura ya 169 ya sheria zetu, imewekwa kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani anayeumizwa na gari. Mtu wa tatu ni mimi! Mwenye gari akigonga ukuta wake mwenyewe, bima ndogo haimlipi hata senti. Ila mtaani wote tunaamini ile ni stika ya kumwonyesha trafiki ili akuachie upite.

Basi nikaanza kukusanya makaratasi. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ninayo. Ramani ya ajali na PF90, ile taarifa ya mwisho ya upelelezi, nimezifuata kituoni mara tisa. Mara jalada liko kwa mkubwa, mara mpelelezi kahamishwa. Huku nyuma dereva alipelekwa mahakamani, akakiri, akapigwa faini, akalipa siku hiyo hiyo, kesho yake yuko barabarani. Mimi sikuambiwa hata tarehe. Na faini ile inaingia serikalini, mguu wangu haukupata kitu. Nakala ya hukumu nikaipata baada ya miezi minne, na ninaitunza kama hati ya kiwanja, kwa sababu nimeambiwa ukimdai fidia mtu aliyekwisha kutiwa hatiani kwa ajali ileile, hukumu hiyo inakuwa ushahidi wako.

Sasa sikilizeni kilichonipandisha presha wiki hii. Faili limekamilika, nikaitwa kwenye kampuni ya bima. Wakasema gharama za hospitali watazitazama, ila kipato nilichopoteza nikithibitishe. "Lete salari slipu za miezi 6 kabla ya ajali." Wakuu, dagaa anatoa salari slipu?

Nikamweleza taratibu yule kijana wa kampuni aliyeshika faili langu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, mwaloni panapoa, na mimi nakula nilichoweka. Mwezi mmoja una wiki za neema na wiki za kukopa. Nina daftari, nina risiti za ushuru, nina taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha nimelipa nani na nimelipwa na nani. Nina mpaka kile kitambulisho cha mjasiriamali cha elfu 20 tulichoambiwa tukitunze. Akavitazama kama nimemwekea dagaa wenyewe mezani. Akasema havina muhuri wa mwajiri. Mwajiri wangu ni ziwa, sasa muhuri nikauombe kwa nani?

Halafu akachomoa karatasi yangu ya laki tatu: "Na hapa ulisaini umeridhika." Msaidizi wa kisheria niliyemwendea akaisoma mara mbili, akacheka. Karatasi inasema nimepokea pesa ya matibabu. Haisemi popote kwamba sidai tena. Ila akanitisha kwa jambo lingine: madai ya namna hii yana miaka 3 tangu siku ya ajali, ikipita mahakama haikupokei. Imenibakia miezi saba. Ndipo nikaelewa kwa nini kila nikienda naambiwa "njoo wiki ijayo, bosi yuko Dar." Wanahesabu siku kuliko mimi.

Jumatatu naenda ofisi ya kanda ya TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, iko hapa hapa Mwanza, na malalamiko ya maandishi. Wakishindwa, dereva na tajiri wake tunakutana mahakamani, na hukumu ikitoka kampuni ndiyo italipa.

Swali langu kwa wakuu wa Mwanza, Musoma, Bukoba: kuna mvuvi, mama ntilie au bodaboda humu aliyewahi kulipwa kipato alichopoteza bila salari slipu? Alitumia nini mpaka wakakubali? Barua ya mwenyekiti wa mtaa? Uongozi wa soko? Nijibuni hapa hapa ili na wengine wasome.

Mnaotaka kunifuata faragha eti mna mtu ndani ya kampuni, msijisumbue. Mtu wa ndani nilishakutana naye, alikuja wodini na kalamu.