Slaidi niwape wanafunzi kabla ya kipindi, baada ya kipindi, au nisiwape kabisa?

Mwl_Seli

Habari zenu walimu. Nafundisha baiolojia sekondari. Tangu nianze kuweka slaidi zangu mtandaoni na kuwatumia wanafunzi kiungo, madaftari yamebaki meupe. Nikianza tu kueleza, mkono unanyooshwa kule nyuma: "Mwalimu, hizi utatuwekea kwenye kundi?" Nikisema ndiyo, kalamu zinalazwa. Wengine hata hawaulizi, wanapiga picha ukutani kwa simu kisha wanaendelea na mambo yao.

Nia yangu ilikuwa aliyekosa kipindi asiachwe nyuma, na anayechelewa kuelewa apate pa kurudia. Kwa hao wachache imesaidia kweli, sikatai. Ila darasa zima limelala.

Mada inayofuata ni mzunguko wa damu: moyo, vali, mishipa. Ina michoro mingi na hapo ndipo slaidi zinaponiokoa, maana mchoro wangu wa moyo ubaoni huwa unaleta vicheko tu. Naomba ushauri kwa mambo matatu. Niwape lini? Niwape ruhusa ya kutazama tu au na ya kuhariri? Na je, kuna faida kuziweka kwenye tovuti za wazi ambako watu hushirikiana slaidi, au kiungo cha darasa kinatosha?

Hali yetu: projekta moja, simu zipo lakini si kwa kila mmoja, chumba cha kompyuta tunapata zamu mara moja kwa wiki.

---

ChakiNaPanya

Mwalimu mwenzangu, hilo swali la "lini" mimi nililiacha zamani. Slaidi ikiwa na kila kitu, uitoe alfajiri au usiku, mtoto hana cha kuandika. Kilichonisaidia ni kutenganisha mafaili. Ninayo ya kusemea na ninayo ya kusoma, na sipendi kuyachanganya.

Ya kusemea haina maandishi ya maana. Mchoro, mshale, labda neno moja. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa elimu wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, amelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi: mtu akiwa anatazama mchoro na kusikiliza maelezo, ukimwongezea na maandishi yaleyale unayoyasema, kujifunza kunapungua, kwa sababu macho yanagombaniwa na mchoro na aya. Tazama darasa lako siku ukiweka aya ndefu ukutani. Wote wanasoma kimoyomoyo na wewe unaongea peke yako kama redio iliyosahauliwa.

Hiyo ya kusemea hata wakiipata haiwasaidii kitu bila wewe, kwa hiyo kalamu zitarudi mkononi. Ya kusoma ina sentensi kamili, naitoa baada ya kipindi, PDF. Huyo aliyekosa kipindi anaisoma na kuelewa. Angalizo dogo hapa: ukituma kiungo cha kutazama cha Google Slides, yaani programu ya Google ya kutengeneza slaidi mtandaoni, maelezo ya mzungumzaji unayojiandikia chini ya slaidi nayo yanaonekana. Kama humo umejikumbusha "muulize yule msumbufu wa dirishani", msumbufu atayasoma.

Sasa kuhusu kuhariri. Hapa ndipo ninapoona thamani yenyewe ya kuwa mtandaoni. Kama kazi ya kiungo ni kutazama tu, PDF inatosha, nyepesi, inafunguka kwenye simu yoyote. Lakini faili moja ambalo makundi kumi yanaandika kwa pamoja na wewe unayaona yote ukutani, hilo ubao hauliwezi.

Kwa moyo mimi hufanya hivi. Natafuta mchoro usio na majina. Nauweka kama *usuli* wa slaidi, yaani ile sehemu ya nyuma unakoweka rangi, huko unaweza kuweka na picha. Ukiibandika kama picha ya kawaida, kidole kimoja kwenye simu kikiigusa vibaya moyo mzima unahamia pembeni, na kuna mwingine ataunyoosha hadi uwe mrefu kama mkuki. Ikiwa usuli haishikiki. Halafu nanakili slaidi hiyo mara nyingi kadiri ya makundi na kila moja naandika namba ya kundi kwa herufi kubwa juu, ili mtu asiseme hakujua yake ni ipi.

Kila slaidi ina visanduku vya maandishi tupu na mishale. Kazi ya kwanza ni majina: vyumba vinne, vali, aota, ateri ya mapafu, vena. Hiyo ni rahisi, dakika chache. Kazi ya pili ndiyo darasa lenyewe: sentensi mbili tu, *kwa nini ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia?* Hapo kelele zinaanza. Kundi la tatu wataandika "kwa sababu kina damu nyingi". Kundi la saba, wanaoona jibu la kundi la tatu, watalinakili neno kwa neno. Unawaacha kidogo. Kisha unauliza darasa zima: hiyo damu ya kulia inakwenda wapi, na ya kushoto inakwenda wapi? Mmoja atashtuka kwamba kulia kunasukuma hadi mapafuni tu, hapo jirani, na kushoto kunasukuma mwili mzima, na utaona maandishi yanaanza kufutwa na kubadilika ukutani mbele ya macho yenu. Naipenda saa hiyo kuliko mtihani wowote. Unaona wazo likigeuka.

Kosa lingine utakaloliona wazi kwenye slaidi zao ni kulia na kushoto kugeuzwa, maana upande wa kushoto wa moyo uko kulia mwa mchoro. Na wengi watapaka ateri ya mapafu rangi nyekundu, kwa vile walikariri kwamba ateri hubeba damu yenye oksijeni. Usiwasahihishie. Andika maoni pembeni: "fuateni damu hii, imetoka wapi?" Maoni yanabaki kwenye faili, nao watayajibu jioni.

Vurugu zitakuwepo, jiandae. Asiyeingia na akaunti yake ataonekana kwa jina la mnyama, na dakika za kwanza zote watakuwa wanatafutana nani ni nani. Waache wacheke, itaisha. Akifuta mtu kazi ya wenzake, historia ya matoleo inarudisha faili lilivyokuwa. Kama wameingia na akaunti zao, inaonyesha na aliyefuta ni nani. Ukiwaambia hilo mwanzoni, ufutaji unapungua wenyewe. Ila kwa simu, kuhariri kunataka programu yake iwe imewekwa, kwa hiyo hakikisha kila kundi lina angalau simu moja iliyo tayari kabla ya siku yenyewe.

Na ukitaka kila mwanafunzi awe na nakala yake badala ya kushirikiana, nenda mwisho wa anwani ya faili, futa neno *edit* na yote yanayolifuata, andika *copy*. Atakayebonyeza ataulizwa kama anataka kutengeneza nakala, na lako linabaki salama. Faili lenyewe liwe limeruhusiwa kutazamwa, la sivyo atagonga ukuta.

---

MzeeWaProjekta

Hayo ya ChakiNaPanya ni mazuri panapokuwa na intaneti. Mimi nasemea siku ambayo haipo.

Mwalimu, umesema simu si za wote. Basi usifanye kazi ya darasa itegemee simu, kwa sababu yule asiye nayo ataketi pembeni ya mwenye nayo na kutazama kidole cha mwenzake. PowerPoint ina namna ya kuchapisha slaidi tatu kwa ukurasa, na kando ya kila slaidi kuna mistari ya kuandikia. Wengi hawaijui kwa sababu imejificha kwenye sehemu ya kuchapa. Weka mchoro wa moyo usio na majina, chapa, toa nakala. Mtoto anaandika kwa mkono wake, na karatasi haiulizi bando.

Jingine: punguza uzito wa picha kabla hujapakia. Walimu tunabandika picha ya simu yenye megabaiti kadhaa, mara ishirini, halafu tunashangaa wanafunzi hawafungui. PowerPoint ina sehemu ya kubana picha, ukichagua pikseli 150 kwa inchi inatosha projekta na wavuti, na 96 inatosha kutuma kwa barua pepe. Kwa simu ya mwanafunzi hataona tofauti.

Na siku zote njoo na faili kwenye flashi.

---

waya_mwekundu

Naongezea kwenye swali la tatu, maana halijajibiwa.

Tovuti za wazi zina faida moja kubwa: unachukua kwa wengine. Kabla hujatengeneza slaidi za moyo, kuna walimu wengi sana duniani wameshatengeneza. Lakini kuhifadhi kazi yako *huko tu* siyo salama. SlideShare, tovuti ya kushirikiana slaidi, ilianza 2006, LinkedIn ikainunua 2012, ikaenda kwa Scribd 2020. Kila mwenye nyumba akibadilika, masharti ya wapangaji nayo yanaweza kubadilika. Prezi, programu nyingine ya kutengeneza mawasilisho mtandaoni, nayo ilianza ikitegemea Flash, teknolojia ya zamani ya kuonyesha picha zinazotembea kwenye wavuti, na Adobe iliacha kuihudumia Flash mwisho wa 2020. Waliokuwa na mafaili ya aina hiyo ilibidi wayahamishe. Kwa hiyo nakala halisi iwe kwako, PPTX (faili la PowerPoint) au PDF, kule juu iwe ya kuonyesha tu.

Halafu suala la picha. Ukiwafundisha watoto thelathini ndani ya chumba ni jambo moja, ukipakia mahali ambapo dunia nzima inaona ni jambo jingine. Mchoro uliouchukua kwenye kitabu cha kiada una mwenyewe. Tafuta wenye leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ambazo mtengenezaji hutoa mapema ili wengine watumie kazi yake, na usiishie kuona jina hilo, soma herufi zake. BY maana yake umtaje mtengenezaji. NC, usifanye biashara. ND, usisambaze ukiwa umeubadilisha, na kufuta majina kwenye mchoro wa moyo ni kuubadilisha. Kwa kazi hiyo aliyoieleza ChakiNaPanya, ND haikufai. Nenda Wikimedia Commons, ghala la picha za wazi mtandaoni, wao hawapokei picha zenye NC wala ND, na michoro mingi ya viungo iko katika SVG, aina ya faili la mchoro ambayo unaweza kuifungua na kuondoa maandishi bila kuacha madoa.

Mwisho, faili walilohariri wanafunzi lisipakiwe kwenye tovuti ya wazi hata kama ni zuri vipi. Lina majina yao, mara nyingine na sura zao.

---

Mwl_Seli

Asanteni sana. Mzee, shikamoo, hiyo ya slaidi tatu na mistari nimeifungua sasa hivi na kweli ipo, nimetumia programu hiyo miaka yote na sijawahi kuiona.

Nilivyopanga: kipindi cha kwanza nasema na michoro mitupu, wao wanajaza karatasi za mzee. Zamu ya chumba cha kompyuta ndiyo makundi yaingie kwenye faili la pamoja, waanze moja kwa moja na swali la ukuta mnene, majina watakuwa wameshayajaza kwenye karatasi. PDF ya kusoma naituma baada ya hapo, si kabla.

Bado nina wasiwasi mmoja. Nikiliacha faili wazi, usiku kuna mtu ataingia kucheza. Nikilifunga, waliotaka kurekebisha majibu yao watakosa. Mnafanyaje?

---

MzeeWaProjekta

Marahaba. Funga. Kipindi kimeisha.

---

ChakiNaPanya

Mzee ana haraka. Usifunge, shusha daraja: waondoe kwenye kuhariri uwaweke kwenye kutoa maoni. Kiungo ni kilekile, huna haja ya kutuma kingine. Anayetaka kurekebisha anaandika pembeni "tunataka kubadilisha jibu letu liwe hivi", na lile la kwanza linabaki palepale. Kwangu mimi hiyo ni bora zaidi, kwa sababu nikifungua asubuhi naona waliloamini jana na wanaloamini leo, moja chini ya jingine. Nachagua slaidi mbili zenye mabadiliko makubwa na kipindi kinaanzia hapo.

Ila kabla hujashusha, tengeneza nakala ya faili zima na uweke tarehe kwenye jina lake. Mwaka ujao utaitaka.

---

Mwl_Seli

Na kundi ambalo halikuandika chochote?

---

ChakiNaPanya

Slaidi yao tupu naionyesha ukutani kama zile nyingine, bila neno. Kisha naenda kukaa nao, mara nyingi unakuta simu ilizima au hakuna aliyejua nenosiri la akaunti. Wape karatasi ya mzee waendelee, utapiga picha jibu lao na kuliweka wewe.