Economic na economical, ipi ni ipi?

Wakuu habari za mchana, kuna ripoti ya ofisini naandika hapa nimekwama, niseme "economic growth" au "economical growth"? Kompyuta haisaidii, zote inaona sawa tu.

Jibu: Economic growth mkuu. Economic ni chochote cha mambo ya uchumi, ukuaji, sera, vikwazo, hata ule mdororo wa 2008. Economical ni kitu kisichokula hela wala mafuta, yaani Vitz ni economical, V8 sahau.

Jibu: Nyongeza, hata mtu anaweza kuwa economical, yule asiyefuja. Na Waingereza wana kejeli yao hapo, 1986 katibu wa baraza lao la mawaziri, Robert Armstrong, yuko mahakamani Australia anabanwa kuhusu barua fulani, akasema si uongo ni kuwa "economical with the truth", yaani ukweli nao kaubania kama bajeti, msemo upo mpaka leo.

Jibu: Ila mkiongeza -ly zote zinageuka economically, hapo angalia sentensi yenyewe.

Muuliza swali: Asanteni wakuu. Vipi electric na electrical?

Jibu: Bosi anasubiri ripoti wewe 😂