Altezza, bajeti ya laki nane na barabara ya Makambako: nifunge matairi gani?

Binti Makambako

Habari zenu wadau. Naomba ushauri wa matairi, na mnivumilie nieleze kwa kirefu, maana nimeshapoteza hela mara moja na safari hii sina ya kupoteza tena.

Gari ni Toyota Altezza RS200 ya 2001, injini 3S-GE, gia za mkono sita. Nililinunua kwa kaka yangu na nalipenda kuliko kitu chochote ninachomiliki. Lipo kwenye rim za inchi 17, saizi 215/45R17. Naishi Tabata, kazini Posta, na kila baada ya miezi miwili naenda kumwona mama Makambako, zaidi ya kilomita 600 kwenda tu. Kwa hiyo ndani ya siku moja gari hilo hilo linatoka kwenye joto la Dar, linapita Mikumi na matuta yake, linapanda mlima wa Kitonga, na jioni lipo kwenye baridi na upepo wa Makambako.

Januari matairi ya nyuma yalikuwa yamebaki kipara. Muuzaji mmoja akanipa mawili ya mtumba kutoka Japani kwa 70,000 kila moja. Kashata zilikuwa ndefu utadhani hayajawahi kugusa lami, nikashukuru Mungu nikalipa. Wiki hiyo hiyo nikaanza kuona mkia wa gari unacheza kwenye kona, kama vile limekanyaga godoro. Kufika Aprili kashata zilikuwa zimelika karibu nusu.

Sasa Jumapili moja ya Aprili narudi Dar, Kitonga imenyesha. Nashuka nyuma ya lori, gia ya tatu, mwendo kama 40. Nikaingiza gia ya pili ili injini inishikie gari, na hapo hapo mkia ukachomoka kuelekea mtaroni. Nilitoa mguu, nikageuza usukani kuufuata mkia, gari likakaa sawa. Yote hayo labda sekunde mbili. Nilipofika Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu walinijia dirishani kama kawaida yao, nikashindwa hata kuhesabu noti kwa jinsi mikono ilivyokuwa inatetemeka.

Duka moja wameniambia dawa ni matairi ya majira yote, yenye alama ya M+S, kwa 230,000 kila moja. Manne ni 920,000. Mimi nina 800,000, na humo humo kuna kufunga na alaimenti. Je, hiyo M+S ni lazima kwetu? Ninunue mawili mapya au nijikaze kwa manne? Na kuna anayesema nishuke rim za 16. Naogopa gari litapoteza ukali wake kwenye kona, na huo ukali ndio uliofanya nilinunue.

Mzee wa Corona

Mkuu, pole kwa Kitonga. Mimi miaka yote natumia mtumba wa Japani na sijawahi kujuta. Tairi la Mjapani hata likitumika nusu linalishinda jipya la bei rahisi. Tafuta manne ya Bridgestone au Yokohama yenye kashata nzuri, utabaki na chenji ya mafuta ya kwenda kumsalimia mama.

Fundi wa Gerezani

Dada, kabla hatujaenda mbali, nenda kwenye gari usome ubavu wa hayo matairi ya nyuma. Niambie mambo matatu. Kuna neno STUDLESS? Tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara zinasema nini? Na ile herufi inayofuata baada ya saizi, mwishoni, ni ipi?

Binti Makambako

Nimeshuka na tochi ya simu. Ndiyo, yameandikwa STUDLESS kwa herufi kubwa, yote mawili. Tarakimu ni 4715. Herufi ni Q.

Fundi wa Gerezani

Nilihisi. Umeuziwa matairi ya theluji.

Japani, hasa mikoa ya kaskazini, watu wana seti mbili za matairi, moja ya kiangazi na moja ya theluji na barafu. Hizo za barafu zikichakaa au zikizeeka zinatolewa, nyingine zinapanda meli kuja huku pamoja na magari. Mpira wake umechanganywa makusudi ubaki laini wakati wa baridi kali. Ukiuleta kwenye lami ya Dar saa nane mchana unakuwa laini kupita kiasi. Ndiyo lile godoro ulilolihisi. Angalia juu ya kashata utaona vichanjo vyembamba vya kupinda-pinda vimejaa kila mahali, kama mtu kachanja kwa wembe. Vile vinauma barafu. Kwenye lami yenye maji vipande vya mpira vinalala, havishiki, na breki inakwenda mbali. Ukichanganya na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukashusha gia kwenye mteremko, injini inayafunga yale ya nyuma ghafla na ndiyo hayo hayo yasiyoshika. Hukukosea kuendesha.

4715 maana yake limetengenezwa wiki ya 47 ya mwaka 2015. Na Q ni mwendo usiozidi 160. Matairi ya saizi yako ya kawaida yanakuja na V ambayo ni 240, au W ambayo ni 270. Sisemi ukimbie huko, sheria unaijua. Ila herufi hiyo inakupa picha ya joto na kasi ambayo tairi limejengwa kuvumilia.

Mzee wangu wa Corona, shikamoo. Mtumba siupingi wote, nimefunga mwingi. Lakini dada asinunue tena bila kusoma tarakimu nne, bila kukataa kila lenye STUDLESS au alama ya mlima wenye kitone cha theluji, na bila kulivua kwenye rim kuangalia ndani. Viraka vya ubavuni havionekani nje. Nimeshatoa tairi linalong'aa kama jipya, ndani lina kiraka kwenye ubavu.

Mzee wa Corona

Marahaba kijana. Hilo la theluji sikuwa nalijua kwa undani namna hiyo. Nimeenda kuangalia yangu, mbele ni STUDLESS. Ahsante.

Dereva wa Tunduma

Naifahamu barabara hiyo, napita mara nne kwa mwezi. Niongeze kuhusu M+S.

Herufi hizo zinasimamia matope na theluji. Kiwanda kinajiandikia chenyewe kwa kuangalia mchoro wa kashata, tairi halihitaji kupita mtihani wowote. Alama ya mlima wenye kitone cha theluji ndiyo yenye mtihani, na mtihani wenyewe ni wa theluji. Sisi majira yetu ni jua na mvua. Tairi la kawaida la kiangazi lenye mifereji mizuri ya kutoa maji ndilo letu la majira yote, mwaka mzima, Dar hadi Njombe. Asubuhi ya Julai Makambako ni baridi ya kuvaa koti, lakini si ya kubadilisha mpira. Kwa hiyo usilipe hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya M+S.

Unachotakiwa kutafuta ubavuni ni neno TRACTION. Herufi yake inatokana na kipimo cha breki kwenye sehemu iliyoloweshwa maji, na daraja zinashuka kutoka AA, A, B hadi C. Usiende chini ya A. Pembeni kuna TEMPERATURE, ya kuvumilia joto, nayo chukua A. Namba ya TREADWEAR watu wanaiabudu, 500, 600, wanadhani ndiyo ubora. Hiyo ni makadirio ya kudumu tu, na kila kiwanda kinatoa ya kwake. Kwa gari kali kama lako mimi ningechukua ya 300 hadi 400. Sio matairi yote yanaandikwa hayo, lakini mengi mapya yanayoingia nchini yanayo.

Na manne, dada. Yanayofanana. Mchanganyiko wa mbele kushika na nyuma kuteleza ndio uliotaka kukupeleka mtaroni. Kama ingebidi ununue mawili tu, hayo mapya yangekwenda nyuma, watu wengi wanakosea hapo.

Altezza ya Bluu

Mimi ninayo RS200 pia, na nilishuka 16 miaka miwili iliyopita. Nikuambie ukweli wa kile unachoogopa.

215/45R17 ina ubavu wa milimita 97 hivi. 205/55R16 ina 113. Hizo milimita 16 za ziada ni mpira unaosimama kati ya rim na shimo la Tabata. Kabla sijashuka nilipinda rim mbili na tairi moja likatoa kivimbe ubavuni baada ya tuta lisilo na alama. Tangu nishuke, hakuna. Kipenyo chote kinaongezeka kama milimita sita na nusu, yaani asilimia moja, spidomita haitakudanganya.

Kwenye kona, siku mbili za kwanza utaona usukani umechelewa kidogo, kidogo sana. Halafu unagundua kwamba kwenye lami yenye mawimbi gari linakanyaga vizuri zaidi kwa sababu halirukiruki. Ukali wa Altezza upo kwenye uzito wake ulivyogawanywa na kwenye injini ile inayopenda kuzungushwa. Rim ya 17 inaongeza sura.

Na bei: 205/55R16 inavaliwa na magari mengi mno, kwa hiyo kila duka linayo na wanashindana. 215/45R17 wanakushika kwa sababu wanajua huna pa kwenda. Tafuta mwenye Altezza ya AS200 au gari lingine la Toyota lenye nati tano kwenye duara la milimita 114.3, anayetaka 17 zako kwa sura. Mbadilishane, akuongezee. Ila jaribisha rim moja mbele kabla ya kulipana, uzungushe kwa mkono uone haigusi kalipa ya breki.

Binti Makambako

Jamani, nimesoma kila neno, mara mbili. Nimeyavua yale mawili ya nyuma leo leo, naenda kazini kwa daladala mpaka nimalize hili. Fundi wa Gerezani, hilo neno lako la kwamba sikukosea kuendesha limenisaidia kuliko unavyodhani. Nilikuwa nimeanza kuogopa gari langu mwenyewe.

Swali moja: mapya ya bei yangu ni ya China na Korea. Sailun, Linglong, Kumho. Watu wa ofisini wanasema ya China ni ya kutupa.

Fundi wa Gerezani

Nayafunga hayo matatu kila wiki. Jipya la China lililotengenezwa mwaka jana, lenye TRACTION A, likiwa limetunzwa ndani ya duka, nalichagua kuliko jina kubwa lenye miaka minane lililoanikwa juani barabarani. Mpira unakauka hata tairi likiwa limesimama. Ukipiga bei na Kumho ikaingia kwenye bajeti, chukua hiyo. Isipoingia, usikope.

Usifunge kabla ya kukagua bushi za mikono ya chini. Altezza ya umri huo bushi zikiisha, matairi yanalika upande wa ndani na wewe utalaumu duka. Kisha alaimenti. Upepo fuata kibandiko cha mlango wa dereva, upime asubuhi kabla ya kutembea. Ukipima Chalinze matairi yakiwa yamechemka utapunguza upepo uliotakiwa kubaki.

Binti Makambako

Narudi na hesabu, ili mwenye gari kama langu asihangaike.

Kijana mmoja wa Segerea mwenye AS200 alichukua 17 zangu, akanipa 16 zake na 150,000 juu. Tulijaribisha mbele kwanza, kalipa haikugusa. Matairi 205/55R16, alama 91V, TRACTION A, TEMPERATURE A, TREADWEAR 380, yote manne ya mwaka jana na wiki zinazokaribiana: 165,000 kila moja baada ya kupatana kwa saa nzima, jumla 660,000. Kufunga na balansi 32,000. Bushi mbili za mbele zilikuwa zimekwisha kweli, pamoja na ufundi 110,000. Alaimenti 40,000. Jumla 842,000 kati ya 950,000.

Halafu nikafungua buti kuangalia spea. Tarakimu zinasema 1401. Wiki ya 14, mwaka 2001. Tairi hilo limezaliwa na gari na miaka yote hii nilikuwa nasafiri nalo nikilihesabu kuwa ni msaada. 108,000 iliyobaki nimeiweka, mwisho wa mwezi naongeza nanunua la tano.

Wikiendi iliyopita nilikwenda Makambako. Wakati wa kurudi Kitonga ilikuwa imenyesha tena, lori mbele, mahali pale pale. Nilibana mabega nikaingiza gia ya pili. Injini ikanguruma, gari likapungua mwendo, mkia ukabaki mahali pake. Altezza ya Bluu, umesema kweli kuhusu usukani, nilipofika Iringa wakati wa kwenda nilikuwa nimeshasahau kwamba umebadilika.

Ruaha Mbuyuni nilisimama, nikanunua vitunguu ndoo nzima. Fundi, fungu lako lipo, nakuletea Gerezani Jumamosi.

Fundi wa Gerezani

Karibu sana dada. Njoo nalo gari, nizikaze nati upya na nipime upepo. Hiyo hulipii.