Milimita 20 za mvua ni kiasi gani, na nitoke nyumbani wakati gani?

MamaWawili
Habari zenu. Naishi Mathare, Nairobi, nyumba ya mabati, hatua kama sitini kutoka mtoni. Kila masika redio hutuonya kuhusu mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Aprili 2024 nilisikia hivyo nikalala, kwa sababu kwenye rula ya mtoto milimita 20 hazifiki hata upana wa vidole viwili. Usiku maji yaliingia, tukatoka na watoto mgongoni, magodoro yakaenda. Nifafanulieni hiyo namba. Na nitajuaje wakati wa kutoka? Siwezi kufunga kibanda cha mboga kila wingu likitanda.

MwalimuMstaafu
Pole sana mama. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba. Chumba cha futi kumi kwa kumi ni kama mita mraba 9, kwa hiyo milimita 20 juu ya paa lake ni lita 180: mitungi tisa ile ya lita 20. Sasa hesabu mapaa yote ya bonde, na lami, na saruji, vitu ambavyo havinywi maji. Yote yanashuka kwenu.

Uliza pia yamenyesha kwa muda gani. Mvua ya siku nzima ardhi huivumilia. Kiasi hicho hicho kikishuka kwa nusu saa, mitaro hushindwa. Tena mito yetu huanzia nyanda za juu, upande wa Kikuyu na Limuru. Kwako panaweza kuwa pakavu na mto ukaja umejaa mvua ya huko. Kwa hiyo usitazame wingu la Mathare peke yake, tazama mto. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakaanza kuleta matawi na takataka, usingoje redio.

NesiWaEastlands
Naongeza la nguvu ya maji, maana hapo ndipo watu hupotea. Mita moja ya ujazo ina uzito wa tani moja. Mwendo wa maji ukiongezeka maradufu, msukumo wake huwa mara nne. Sentimita 15 tu za maji yaendayo kasi, chini kabisa ya goti, zinaweza kumwangusha mtu mzima, na 60 hubeba gari. Usivuke, hata kama jirani amevuka. Kule Mai Mahiu, Bonde la Ufa, 29 Aprili 2024, maji yalikuja usiku watu wamelala, zaidi ya 40 wakafa.

Na umeme, tafadhali! Zima swichi kuu kabla maji hayajafika mlangoni, na ukiwa umelowa usiguse mabati yenye waya. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo. Waandikie watoto kwenye daftari.

MamaWawili
Asanteni, mitungi tisa nimeielewa. Kesho nitapaka rangi jiwe lililo upande wa mto, hatua ishirini kabla ya mlango. Maji yakiligusa, tunapanda kwa dada yangu juu barabarani, hata kama ni saa nane ya usiku. Vitambulisho na vyeti vya watoto nitavifunga kwenye karatasi ya nailoni leo. Swali moja limebaki: jirani yangu ni mzee, hatembei vizuri. Nimtoe mapema kiasi gani?

NesiWaEastlands
Yeye usimngojee jiwe. Mvua kubwa ikitangazwa, alale juu kwa dada yako usiku huo huo. Na mtafute kijana wa kumbeba sasa, kungali kukavu.