Mrejesho: kitako cha shotigani ya babu, Moshi

Wakuu, nilikuja kuuliza mwezi uliopita: nianze na msasa namba ngapi kwenye kitako cha bunduki (sehemu ya mbao inayoegemezwa begani) cha mti wa walnati, chenye vanishi iliyobabuka? Wewe uliyeniambia nianze na 80, msasa wa chembe kubwa, nashukuru sikukusikiliza.

Vanishi niliiondoa kwa dawa ya kuondolea rangi, si kwa msasa. Kulikuwa na mibonyeo miwili karibu na mwisho unaokaa begani. Nikaweka kitambaa kibichi, juu yake pasi ya moto. Mvuke ukaingia, mti ukavimba, mbonyeo mmoja ukatoweka kabisa! Wa pili umebaki kidogo, nao nimeuacha. Ni historia ya mzee.

Kisha msasa namba 150, 220, 320 (namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi), kwa kufuata nyuzi za mti, msasa nimeuzungushia kipande cha ubao ili kona zisilike. Baada ya 220 nilipitisha kitambaa chenye maji. Vinyweleo vya mti vikasimama, nikavikata na 320. Michoro iliyochongwa pale pa kushikia sikuigusa na msasa, nilitumia mswaki. Na pale mbao inapokutana na chuma nilipita kwa woga, maana ukishakula pale hakuna kurudisha.

Mafuta ya kitani: tabaka nyembamba tano, kila moja nafuta ziada. Kwa baridi hii ya Julai, tabaka moja linakauka siku mbili hadi tatu. Matambara yake niliyatandaza nje, yakirundikwa yanaweza kushika moto yenyewe.

Nangojea tabaka la sita, kisha kinarudishwa kwenye bunduki kwa fundi mwenye leseni.