Majirani wa Ng'ambo: Safari ya Kwihara

ALHAMISI

Mama Shija: Jamani habari za jioni. Kuhusu Jumamosi naomba muda tukubaliane leo leo, nimeona mtu kaandika tuondoke saa 3 asubuhi tukishakunywa chai. Mimi hapo sikubali

Baba Neema: Ni mimi mama Shija. Nimewaza watoto ni wengi kuwaamsha alfajiri ni kazi, afu mpaka kule Kwihara kwenye tembe, ile nyumba ya zamani aliyokaa Livingstone, ni km 6 au 7 tu, hata tukienda polepole masaa mawili tumefika

Mama Shija: Baba Neema huu ni Oktoba baba. Mvua bado, mashamba yote yamefyekwa, kivuli cha kutafuta. Mwaka jana tuliondoka saa 3 hiyo hiyo, tukamsubiri mtu mmoja, tukamsubiri na mwingine, saa 6 mchana bado tuko njiani na jua liko utosini, binti mmoja akaniambia mama naona giza, kabla sijamshika kadondoka. Nilimmwagia kichwani maji yote tuliyobaki nayo ya kunywa huku nawaza nitamwambia nini mama yake. Ile siku sijaisahau na sitaki ijirudie

Baba Neema: Dah pole sana, sikuwepo mwaka jana sikujua. Basi naondoa neno langu

Mwl Saidi: Poleni. Mama Shija anasema kweli, na ndivyo walivyofanya hata waliopita njia hizi zamani. Misafara ya kutoka pwani ilikuwa inaondoka kabla jua halijachomoza, likishakuwa kali wanatua mizigo wanapiga kambi, wanapika, wanapumzika mpaka kesho yake. Mtu ana mzigo wa karibu kilo 30, anatoka Bagamoyo mpaka hapa kwetu Tabora kwa mguu, ni miezi siyo siku. Angetembea mchana kweupe asingefika. Na mbele anakuwepo kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, hakuna ruhusa kumpita. Napendekeza na sisi tumchague kirangozi

Shija: mwl mi nakua kirangozi 🙋🏾‍♂️🙋🏾‍♂️

Mwl Saidi: Sawa Shija. Ila ujue kirangozi wetu anatembea kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote, siyo mwendo wake yeye. Utakuwa unageuka nyuma kila baada ya muda kuhesabu watu

Shija: sawa mwl ntahesabu

Mjomba Kulwa: Mimi nauliza kitu na naomba msinielewe vibaya. Kila mwaka tunawapeleka watoto wanaonyeshwa hapa alikaa Livingstone, hapa alilala Stanley, wanapiga picha wanarudi. Hao wawili walikuja pale 1872, Stanley akaondoka Machi, mwenzake akabaki mpaka Agosti. Anasubiri nini miezi yote hiyo? Anasubiri WAPAGAZI, watu wa kumbebea mizigo. Bila wapagazi hatoki hata hapo mlangoni. Sasa mbona hao hatuwataji

Mama Neema: Mjomba umesema kitu kikubwa

Mwl Saidi: Na Livingstone alivyofariki mwaka 1873 kule kusini, Zambia ya leo, ni wahudumu wake akina Susi na Chuma na wenzao waliozika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili wakaubeba, Oktoba ya mwaka huo wakapita nao hapa hapa Unyanyembe, Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Nitawasimulia watoto hiyo tukiwa tumekaa. Na biashara ya watumwa nitaisema pia, Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha pembe za ndovu na cha watu waliouzwa, haipendezi kuwaficha. Wapo waliobeba mizigo kwa ujira wa vitambaa vya merikani na kaniki na shanga, na wapo waliopita njia hiyo hiyo wamefungwa minyororo. Wote wamepita hapa

Dada Zena: Shikamooni wakubwa. Bibi amenikalisha hapa nimsomee meseji zote, anasema niandike hivi. Babu wa baba yake alishuka pwani mara mbili kwa miguu, kiangazi anaondoka, mvua zikikaribia anarudi kulima. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino, baba yake Bibi alipokuwa mdogo alikuwa analigusa. Wanyamwezi walikuwa wanabeba begani. Bibi anasema watoto wabebe mizigo yao wenyewe, hata kama ni nguo mbili na chupa ya maji, asiwabebee mtu

Mjomba Kulwa: Marahaba Zena. Mwambie Bibi shikamoo, na hayo aliyosema ndiyo niliyokuwa nayatafuta

Mama Neema: Shikamoo Bibi 🙏🏾 mimi machozi yamenilenga

IJUMAA

Mama Shija: Mwenyekiti wa kule ametukubalia tulale karibu na miembe. Hema tunazo mbili tu, za kina mama na watoto wadogo, wengine mje na vyandarua tutavifunga kwenye matawi, usiku ni joto hema lenyewe linakuwa kama tanuri. Maji kila mtu mzima lita 3, madumu mengine yanakuja na bajaji ya Baba Neema pamoja na sufuria na unga. Viatu raba siyo malapa. Tochi lazima, nyoka usiku wanatoka

Baba Neema: Nakuja na michembe ya viazi vitamu na karanga, na asali kidogo

Mjomba Kulwa: Moto nasimamia mimi. Nyasi zimekauka vibaya, cheche moja tu tumechoma shamba la watu. Nitafyeka duara nitoe majani yote mpaka udongo uonekane ndo tuwashe, na hakuna kulala mpaka umwagiwe maji. Na msijipake pafyumu, kule kuna mizinga ya watu mitini na nyuki hawapendi harufu

Tatu: mjomba hata losheni?

Mjomba Kulwa: Yenye harufu kali acha nyumbani mwanangu

Mama Neema: Jumapili tunarudi saa ngapi, mimi nina misa ya pili

Mama Shija: Alfajiri vile vile. Saa 1 na nusu uko nyumbani unaoga

Dada Zena: Bibi anasema na yeye anaenda

Mama Shija: Zena, miguu yake?

Dada Zena: Nimemwambia. Anasema atapanda bajaji na madumu, ila tukikaribia kwenye miembe ashushwe, ile sehemu ya mwisho atembee mwenyewe. Nimeshindwa kumkatalia

Baba Neema: Mwambie kiti cha nyuma nakiwekea godoro

JUMAMOSI

Mama Shija: Saa 10 na nusu. Amkeni jamani, tunakutana kwa mangi, saa 11 kamili tunaanza kutembea

Shija: nipo kwa mangi tayar, nimehesabu tupo 9

Mama Neema: Tunatoka getini, Neema anatafuta kiatu kimoja

Mwl Saidi: Tunasubiri. Bado giza, hatujachelewa

Baba Neema: Zena nikupitie saa ngapi

Dada Zena: Hata sasa hivi. Bibi kashavaa kitambo yuko barazani na kifurushi chake kakifunga kwenye kanga, nimetaka kumpokea amekataa, amekiweka begani

Shija: tumetimia 14, naanza