Malkia wamechorwa kichwa chini kwenye fumbo la chesi, ni kosa la kuchapa ama?

Chesi_Mbale
Wadau habari za huko, naomba mnisaidie maana hapa klabuni Mbale tumebishana tangu jana na hakuna anayekubali kushindwa. Kuna jamaa katuma picha ya fumbo kwenye grupu yetu ya WhatsApp, ubao ni ule ule wa miraba 64 lakini kuna malkia watatu wamechorwa miguu juu, taji linaangalia chini, halafu chini ya ubao imeandikwa h#2 basi. Mimi nikasema fotokopi imeharibika, mwingine anasema hao ni vitunda (zile kete ndogo za mbele) vilivyofika mwisho vikawa malkia, kwa vile hata sisi malkia wa pili akikosekana tunageuza ngome kichwa chini maisha yanaendelea. Sasa ukweli ni upi, na hiyo h ni ya nini? Aliyetuma picha simu yake haipatikani, nadhani anatucheka tu huko aliko.

Panzi64
Hahaha fotokopi nzima kabisa. Hao si malkia, ni panzi, hiyo alama ya malkia aliyepinduliwa ndiyo watu wa mafumbo wanayotumia duniani kote. Panzi kamleta Muingereza mmoja T. R. Dawson mwaka 1913, jamaa kazi yake ilikuwa kwenye viwanda vya raba ila usiku na mchana alikuwa anatunga mafumbo ya sheria za ajabu, akaleta pia farasi wa mwendo mrefu anayeruka hatua ya farasi, akikuta pako wazi anaruka tena na tena upande ule ule mpaka azuiwe (huyo naye wanamchora farasi kichwa chini).

Panzi anapita njia zote za malkia lakini bila kitu cha kuruka hatembei hata hatua moja. Lazima mbele yake kuwe na kete, yako au ya adui haijalishi, anairuka hiyo MOJA na anatua mraba unaofuata hapo hapo, haendi mbali zaidi. Yaani panzi yuko a1, kuna kete d4, basi anatua e5. Kama e5 kuna adui anamla, kama kuna mwenzake anabaki alipo.

Na h ni ya kusaidiana. Nyeusi anaanza, halafu wote wawili wanashirikiana mfalme mweusi afe. h#2 maana yake nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe na hiyo ya mwisho ni meti, yaani mfalme kapigwa cheki na hana pa kukimbilia. Jaribu hii rahisi bila panzi: mfalme mweusi b8, mfalme mweupe b6, ngome nyeupe h1, ni h#1. Nyeusi anakwenda a8 kwa hiari yake, nyeupe anashusha ngome h8, kwisha. Angekwenda c8 angepona, ngome ikija h8 yeye anatokea d7, ila hapa hatafuti kupona.

boda_na_ubao
Sasa huo si mchezo ni maigizo!! Nani anamsaidia adui yake amuue mfalme wake, mimi niko hapa Kampala nasubiri abiria nacheza blitz, chesi ya dakika chache, kwenye simu, kila mtu ananiwinda na mnaniambia kuna watu wanakaa kupanga kufa pamoja. Na kijana anayejiandaa kwa mashindano hiyo ya panzi itamsaidia nini? Mtoto wa watu atasahau hata farasi anavyotembea.

Panzi64
Mkubwa pole na abiria lakini hapo hakuna wapinzani wawili. Ni mtunzi dhidi ya wewe msomaji. Kazungusha kete mpaka njia ikabaki moja tu, ukipata ya pili fumbo lake limekufa, wanasema limepikwa. Kwa mashindano sikudanganyi, hatua zako za kufungulia mchezo na za kumalizia ndizo zinakupa pointi. Ila hii ya panzi inakufundisha kuutazama mstari mzima, kwa sababu huyu mdudu anabadilisha kila ulichozoea. Ngome ikikupiga cheki unaweka kitu katikati, sivyo? Kwa panzi ukikaa katikati unaweza kujiletea balaa, maana ulichoweka ndicho atakachoruka. Na mfalme akipigwa cheki na panzi anaweza kurudi nyuma mraba mmoja kwenye mstari ule ule akawa salama, kwa ngome hiyo ni ndoto.

Haya shika hii, usiguse programu. Nyeupe: mfalme c7, askofu a7, panzi e8. Nyeusi: mfalme a8 peke yake. Nyeupe anacheza, meti kwa hatua moja, hii ni ya kawaida hakuna kusaidiana.

mjukuu_wa_omweso
Banange mnasema sheria za ajabu, bibi yangu huko Masaka kwenye omweso mashimo 32 kete 64, anazungusha kete halafu kutoka yale mashimo ya kushoto anageuza anarudi nyuma anakukamata unabaki unashangaa, na hakuna anayemwita wa ajabu. Kwenye chesi za ajabu mimi nimependa ile ya Kihindi, Madrasi, ya 1979, ngome mbili za rangi tofauti zikitazamana zote zinaganda, farasi kwa farasi vivyo hivyo. Kuna na ya Wafaransa ya 1968, Circe, ukimla mtu anafufuka kwenye mraba wake wa kuanzia kama uko wazi. Jaribuni kucheza hiyo ya pili kama mechi kamili muone, hamli mtu ovyo tena.

boda_na_ubao
Abiria hajaja bado. Nimeangalia hiyo a7. Askofu anatembea miraba myeusi, mfalme yuko mweupe a8, huyo askofu hamgusi milele. Panzi naye hana cha kuruka zaidi ya mfalme mweusi na nyuma yake ubao umeisha. Hakuna meti hapo, umetupiga.

dada_Arua
Ipo boda, askofu aende b8 😄 Yeye hapigi cheki, anakuwa cha kurukwa! Panzi kutoka e8 anaona d8 na c8 ziko wazi, anamruka askofu b8 anatua a8 kwenye mfalme. a7 inalindwa na askofu mwenyewe, b7 ni ya mfalme mweupe, na askofu haliki maana mfalme mweupe wa c7 yuko ubavuni anamlinda. Nimeirudia kwenye ubao wa mdogo wangu, panzi nimetumia kifuniko cha soda.

Panzi64
Dada umemaliza. Kete inajipeleka kwenye mstari na kwa kujipeleka huko ndiyo cheki inatokea.

boda_na_ubao
Aisee. Na kama panzi yuko h8?

Panzi64
Inakwenda vile vile, h8, d8, hata c8 kando ya askofu, ili mradi kati yao pawe wazi. Mbale, tuma hiyo picha yenu tuifungue.

Chesi_Mbale
Naituma jioni, kuna watu wawili hapa inabidi niwasomee uzi huu kwanza.